Kumlipia Mlevi: Mteja ni Nani?

Waalimu wa lugha twajua ya kuwa kitenzi kimoja chaweza kuzaa ukoo mzima. Lipa huzaa lipia, lipana, lipika, lipisha na lipiza. Anayelipa hutoa chake kwa ajili yake mwenyewe. Anayelipia hutoa chake kwa ajili ya mwingine. Anayelipiza hudai kwa nguvu, na aghalabu anachokidai ni kisasi. Tumeuweka ukoo huu mbele ya msomaji tangu mwanzo kwa sababu jambo tunalotaka kulichunguza hupita katika nyumba hizo tatu. Jamaa wanapoamua kumpeleka kijana wao, au baba wa nyumba, katika kituo cha kuwatibu walevi na watumiaji wa dawa za kulevya, huanza kwa kulipa, wakaendelea kwa kumlipia, na wasipoangalia watamaliza kwa kumlipiza.

Neno mteja nalo lina historia ya kutufaa. Leo twalitumia kwa mnunuzi wa dukani. Katika Kiswahili cha zamani mteja alikuwa pia mgonjwa aliye mikononi mwa mganga. Na vijana wa mitaa ya pwani wameliondolea herufi ya kwanza wakapata teja, yaani mtu aliyetekwa na heroini. Basi neno moja limewabeba mnunuzi, mgonjwa na mateka. Swali letu ni hili: mlangoni pa kituo, fedha zinapohesabiwa mezani, mteja ni yupi? Ni mama anayezitoa fedha, au ni mwana anayeingizwa ndani?

Kwetu sisi tunaofundisha hapa Gisenyi, mji ambao tangu mageuzi ya utawala ya 2006 umo katika Wilaya ya Rubavu, hili si swali la kitabuni. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa hapa 1957, na kwa zaidi ya miaka 60 kimekuwa riziki ya watu wengi walio waangalifu na wachapa kazi. Vijijini juu ya mji watu hutengeneza urwagwa wa ndizi na ikigage ya mtama, na kwa jamaa nyingi hapana posa inayokubaliwa wala mahari inayopokelewa pasipo kinywaji kupita mikononi. Hatuyasemi haya kwa kulaumu. Twayasema ili ieleweke kwamba kuta za kituo humtenga mlevi wa huku na pombe kwa muda tu. Akitoka atarudi penye arusi, matanga na sikukuu, na kikombe kitakuwa kimemtangulia kufika. Chini ya hivyo viko vileo vya gizani: kanyanga, pombe kali ya magendo ambayo sheria ya Rwanda huihesabu pamoja na dawa za kulevya, na bangi, ambayo jirani zetu huiita urumogi.

Kabla ya kuzungumza juu ya fedha yafaa tuondoe kizuizi kimoja. Wako wasemao, na wengi wao ni wazee wenye heshima, kwamba mlevi amejitakia mwenyewe, hivyo kumlipia tiba ni kuutuza uovu. Fikira hii ina umri mkubwa. Pittacus, mtawala wa Mytilene katika Uyunani ya kale, alitunga sheria ya kumwadhibu mara mbili mtu aliyekosa akiwa amelewa. Aristotle aliitaja sheria hiyo, na katika kitabu chake juu ya maadili akatoa mfano wa jiwe: ukisha kulirusha huwezi kulirudisha mkononi, lakini kulirusha au kutolirusha kulikuwa katika uwezo wako. Mfano huo ni mzuri, ila watu huusoma nusu. Wanaishika sehemu ya pili, kwamba kijana aliweza kutokunywa, wakaisahau ya kwanza, kwamba jiwe likisha kuondoka mkono peke yake hautoshi tena. Tabibu wa leo wanatueleza kwamba pombe na dawa za kulevya zikitumiwa sana na kwa muda mrefu hubadili utendaji wa ubongo, hasa sehemu zihusuzo tamaa, malipo na kujizuia. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na lawama ya mwanzo na bado awe mgonjwa wa leo. Mwendesha baiskeli aliyevunjika mguu kwa mbio zake za kijinga hatumwachi barabarani mpaka atubu.

Lakini kukubali kwamba ni ugonjwa hakutuambii kinachonunuliwa. Hapa ndipo jamaa wengi hupotea, kwa maana hudhani kwamba wananunua kupona, kama mtu anunuavyo blanketi. Kupona hakuuzwi. Taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza uraibu hukadiria kwamba kati ya watu 100 waliotibiwa, 40 hadi 60 hurudia, nayo hulinganisha hali hiyo na magonjwa ya kudumu kama pumu na shinikizo la damu, ambayo wagonjwa wake nao huanguka tena kwa wingi usiopungua huo. Hakuna anayemwita mwenye pumu mwongo kwa sababu kifua kimembana tena. Mwenye kulipa hununua siku: siku za mwili kutulia, siku za kula na kulala, siku za kuzungumza na mtu aijuaye njia hiyo, na mahali ambapo chupa haiko mezani. Kazi ya kuzitumia siku hizo ni ya mgonjwa peke yake, wala haiwezi kulipiwa na mama.

Kati ya siku hizo, za kwanza ndizo za hatari, na juu yake twataka tuseme wazi kwa kuwa zimewahi kuua. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafula, aweza kutetemeka, kuona yasiyokuwepo, kuweweseka, kupatwa na degedege na hata kufa. Anahitaji dawa za kumtuliza, vitamini B1, maji, na jicho la mwuguzi usiku kucha. Arosto ya heroini, kama waiitavyo pwani, ni mateso makali, lakini kwa kawaida ile ya pombe ndiyo yenye hatari zaidi kwa uhai. Kituo kinachojisifu kwa nidhamu, kisichokuwa na tabibu wala mapatano na hospitali yoyote, kikampokea mlevi wa miaka 15 na kumfungia chumbani aache kwa nguvu ya moyo, hakistahili hata faranga moja. Heri mgonjwa huyo alale hospitali ya wilaya juma moja kwanza.

Na ajabu ni kwamba mlango wa bei nafuu ndio unaosahauliwa. Jamaa wenye mgonjwa husikia habari za kituo cha mbali chenye bustani, wakaanza kuuza, ilhali hawajafika kituo cha afya cha kata yao. Katika Rwanda bima ya afya ya jamii, mituweli, kwa miaka mingi ilidai faranga 3,000 kwa mwaka kwa watu wengi, na mgonjwa aliyefuata ngazi ya rufaa kwa kawaida hulipa asilimia 10 ya gharama hospitalini. Ngazi hiyo huanzia kituo cha afya, ikapanda hospitali ya wilaya ambako kuna huduma ya afya ya akili, na ikilazimu hufika Ndera, karibu na Kigali, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa na Mabradha wa Upendo, ambayo ina tawi lake la Icyizere huko Kicukiro. Twafahamu kwa nini mlango huu hukwepwa. Neno Ndera katika vinywa vya watu lina maana ya wazimu, na jamaa wengi wangependa kijana wao aitwe mlevi kuliko aitwe mwenda wazimu. Aibu hiyo ina bei yake, nayo hulipwa kwa fedha taslimu.

Turudi kwa mteja. Mama anapotoa fedha, hununua pia kitu kwa ajili yake mwenyewe: usiku mmoja wa kulala pasipo kusikiliza mlango, sufuria zisizoibwa, watoto wadogo wasioogopa hatua za kaka yao. Hatuoni dhambi katika hilo. Mtu aliyekesha miaka saba ana haki ya kupumzika. Lakini haja hiyo na itajwe kwa jina lake, maana isipotajwa hujificha nyuma ya neno tiba, na kituo chenye tamaa huitambua upesi. Kituo kinachomhesabu mlipaji kuwa ndiye mteja kitampa akitakacho mlipaji, yaani kimya. Kitamweka kijana mbali, kitamzuia asiandike wala kupiga simu, kitatoa habari njema kila mwisho wa mwezi, na kitaongeza miezi. Mgonjwa akilalamika ataambiwa kwamba analalamika kwa sababu ni mgonjwa. Ndiyo maana twashauri kwamba kabla ya kulipa mtu aulize nani anaruhusiwa kumtembelea mgonjwa na lini. Anayetaka kuondoka hufanywaje. Aliyeondoka juma la pili hurudishiwa kiasi gani. Na kuna fimbo au minyororo. Mwenye kituo akijibu swali la fimbo kwa kucheka, jamaa na waage.

Lipo swali lililo gumu kuliko hayo, nalo ni la ridhaa. Je, yafaa kumlipia mtu tiba asiyoitaka? Katika utenzi wa Homer, Odysseus akijua kwamba merikebu yake itapita karibu na viumbe waimbao nyimbo za kuwavuta watu kwenye maangamizi, aliwaziba mabaharia masikio kwa nta, akawaamuru wamfunge yeye kwenye mlingoti, na wasimfungue hata akiwasihi. Aliposihi, wakazidi kukaza kamba. Wapendao tiba ya lazima huutumia mfano huu kana kwamba ni wao. Tuutazame vizuri. Amri ya kufunga ilitoka kwa afungwaye, kabla wimbo haujaanza. Kamba ilikuwa na kikomo kilichojulikana, yaani mpaka kisiwa kipite. Nao waliomfunga walikuwa wenzake katika chombo kimoja, ambao wangezama pamoja naye. Kijana anayesema asubuhi, akiwa mzima, "Mama, nikidai kutoka siku ya tano, msinitoe mpaka siku ya 30," huyo ametoa ridhaa, na kilio chake cha siku ya tano hakiifuti. Kijana aliyebebwa usiku akiwa hajitambui, akaamka nyuma ya ukuta, hajatoa.

Kusini mwa mji wetu, ziwani, katika Wilaya ya Rutsiro, kipo kisiwa cha Iwawa. Tangu 2010 serikali imekuwa ikiwapeleka huko vijana wa kiume, wengi wao waliookotwa mitaani, wakae, waache dawa za kulevya na wajifunze useremala, uashi, ushonaji na kilimo. Sheria ya 2017 iliunda idara ya taifa ya kusimamia urekebishaji huo. Gharama hubebwa na serikali, na wako waliorudi na ufundi mkononi wakasimama kwa miguu yao. Hilo ni kweli, na atakayelikana atakuwa hakutenda haki. Ni kweli pia kwamba wengine wamerudi kisiwani zaidi ya mara moja, na kwamba watetezi wa haki za binadamu wamelalamika kwa miaka kuhusu namna watu wa mitaani wanavyokamatwa na kuzuiliwa katika vituo vya muda. Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja yakizitaka nchi zote zifunge vituo vya kuwazuilia watumiaji wa dawa kwa lazima. Sisi hatulisemi hili kwa wepesi, kwa kuwa twasikia jibu la mama: "Mnataka nimngoje akubali, naye atakubali akiwa kaburini?" Jibu hilo lina uzito. Twaona kwamba uhai ukiwa hatarini, nguvu ya siku chache, mikononi mwa tabibu, ni halali, kama tunavyomshika mgonjwa wa homa anayetaka kukimbilia ziwani. Lakini nguvu ya mwaka mzima haiwezi kupata uhalali wake katika hatari ya usiku mmoja. Lazima baada ya siku hizo kijana aulizwe, na aulizwe kama mtu anayeweza kukataa.

Sasa tuje kwenye shamba, kwa kuwa bei huonekana vizuri zaidi inapopimwa kwa ardhi. Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mjane wa Rugerero ana shamba la vitunguu na karoti, na watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 26 na ni mlevi wa kanyanga. Wa pili, msichana, yuko sekondari. Wa tatu yuko msingi. Kituo cha kulipia kinataka ada ya miezi mitatu, na hesabu ikipigwa yaonekana ni sawa na bei ya nusu ya shamba. Baba mdogo asema liuzwe, maana damu haihesabiwi. Shangazi asema lisiuzwe, maana kijana amekwisha kula fungu lake kwa kuiba mavuno.

Sisi hatukubaliani na yeyote kati yao. Baba mdogo anasema kana kwamba kuna mtoto mmoja. Shamba hilo lina watatu ndani yake, na msichana ambaye hajawahi kuonja tone hana sababu ya kukatishwa masomo ili kaka yake apate siku 90 ambazo pengine hatazitumia. Mzazi anadaiwa na watoto wote, na deni kwa aliye mgonjwa ni kubwa, lakini si deni lisilo na mwisho. Kuweka mpaka kabla ya kuanza, ukasema, "Tutatoa kiasi hiki, na zaidi ya hapo hatutagusa," si kumtupa mtu. Aliyeweka mpaka ataweza kuendelea kumpenda. Asiyeweka, siku atakapokwisha mali atakuwa amekwisha na huruma. Ama shangazi, yeye amegeuza hesabu ya wizi kuwa hukumu ya tiba. Madai ya mavuno na yadaiwe kwa njia yake, kijana akisha kuwa mzima. Mgonjwa halipizwi kwa kunyimwa dawa.

Na hapa tunafika kwa ndugu wa tatu wa ukoo wetu wa kitenzi. Hatari kubwa ya kuuza shamba ni neno litakalosemwa kila jioni baada ya kurudi: "Tuliuza shamba kwa ajili yako." Neno hilo ni la kweli, na ndiyo sababu linachoma. Kijana aliyetoka kituoni anatembea na aibu tosha ya kumrudisha kilabuni. Akiongezewa deni lisilolipika atakwenda kulizamisha. Jirani zetu Wanyarwanda wanaujua sana uchungu na utamu wa zawadi kubwa, kwa kuwa ng'ombe aliyetolewa humfunga aliyempokea kwa shukrani ya miaka. Mpango wa Girinka, ulioanza 2006 kwa kuwapa jamaa maskini ng'ombe mmoja mmoja, uliweka sharti la busara: ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Deni halirudi kwa mtoaji, linakwenda mbele.

Namna hiyo hiyo imefanya kazi mbali na hapa. Chama cha walevi walioacha kilichozaliwa Akron, Ohio, 1935, baada ya dalali mmoja wa hisa kukutana na tabibu mmoja, wote wawili walevi, hakitozi ada. Aliyepata nafuu hudumu katika nafuu yake kwa kumsaidia anayeanza. Unguja, nyumba za upataji nafuu zimeendeshwa na watu waliokuwa mateja wenyewe, wakifuata hatua 12 za chama hicho, nao hawawezi kudanganywa na mgeni kwa kuwa hila zote walikwisha kuzitumia. Huko Dar es Salaam hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni bure kwa watumiaji wa heroini mwaka 2011, mgonjwa akija kila siku kunywa kipimo chake mbele ya mwuguzi na kurejea nyumbani, na hivyo wengi walitibiwa pasipo kufungiwa popote. Basi mwenye kuchagua kituo na aulize pia: wangapi kati ya wafanyakazi wake walipita njia hii, na aliyetoka miezi sita iliyopita yuko wapi, aja kuwasaidia wenzake au hakuna amjuaye? Majengo hayajibu swali hilo, wala karatasi yenye picha. Na yule anayeahidi kumponya kabisa mtu kwa majuma matatu, kwa mizizi au kwa sindano ya siri, aachwe na biashara yake.

Twaulizwa: akianguka tena, alipiwe mara ya pili? Twajibu kwamba mara ya pili haitakiwi kuwa nakala ya kwanza. Mgonjwa wa pumu aliyerudia hupewa dawa nyingine au mazingira mengine, wala halazwi kitanda kile kile kwa bei ile ile. Kama kilichomwangusha ni kukosa kazi, fedha ziende kwenye kazi. Kama ni chumba alichopanga karibu na wauza kanyanga, ziende kwenye nauli na kodi ya mahali pengine. Hapo kijana mwenyewe achangie kitu, hata kama ni mshahara wa siku mbili za kubeba mizigo sokoni Mbugangari. Kiasi hakina maana. Maana iko katika kitenzi, kwamba safari hii amelipa, hakulipiwa tu.

Mama wa Rugerero, kama angetusikiliza, angeanza kwa kituo cha afya na kadi ya mituweli, akamlaza mwanawe hospitalini kwa siku za hatari, kisha akamwuliza asubuhi moja akiwa na akili zake kama ataka kuendelea, na kwa muda gani. Shamba lisiuzwe, nusu yake ikodishwe misimu miwili. Fedha za kodi zigawanywe mafungu matatu: la kwanza ni la ada ya msichana, nalo lisiguswe, la pili ni la kituo, lilipwe mwezi kwa mwezi, si kwa mkupuo, la tatu ni la siku za baada ya kutoka, kwa nauli ya kwenda kwenye mikutano ya walioacha, kwa vifaa vya kazi na kwa chakula cha mwezi wa kwanza. Jamaa wengi hulisahau fungu hili la tatu, wakamaliza kila kitu mlangoni pa kuingilia na kumpokea mgonjwa mlangoni pa kutokea wakiwa mikono mitupu. Mlinzi wake awe shangazi, kwa kuwa ndiye asiyelainika upesi, na lianze kutumika siku ile ile kijana atakaposhuka basini.